Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kukadiria Hasara ya Mvua Kubwa kwa Usafiri wa Mjini

Ndugu wanachama,

Kazi iliyotuchukua muda mwingi mwaka huu ni kukubaliana utaratibu mmoja wa kukadiria hasara ya mvua kubwa kwa usafiri wa mjini. Makadirio mawili ya mvua ile ile huweza kupishana mno, na mara nyingi kinachopishana ni vitu vilivyohesabiwa.

Tuhesabu watu, si magari. Basi lenye abiria 40 likikwama nusu saa, zimepotea saa 20 za watu. Gari dogo lenye watu wawili, saa moja tu. Saa hizo ndizo zinazozidishwa kwa thamani ya muda: safari ya kikazi kwa ujira kamili, ya kwenda na kurudi kazini kwa sehemu tu ya ujira.

Jumla ya mvua ya siku haitoshi. Milimita 40 juu ya kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 10 ni lita 400,000, bado maji ya mapaa. Zikishuka kwa saa moja mtaro huelemewa. Zikitawanyika mchana na usiku, huenda foleni isionekane. Kwa hiyo andikeni mvua ya kila saa, mlinganishe na siku kavu yenye jina lile lile, saa ile ile, bila sikukuu wala likizo za shule. Msisimamishe hesabu mvua inapokatika; subirini mwendo urudi kawaida.

Hesabu nyingi huharibikia kwenye data za vifaa vya kufuatilia magari. Maji yakifika sentimita 30, magari madogo mengi hayapiti. Barabara hiyo inakosa rekodi, programu inajaza sifuri, na barabara iliyofungwa inasomeka kama haina ucheleweshaji wowote! Pengo liachwe pengo, kisha mhesabu urefu wa njia ya mzunguko.

Safari iliyoahirishwa hukadiriwa kwa nusu ya gharama ambayo mvua ingeiongezea safari hiyo, kwa kuwa aliyebaki nyumbani hakupoteza yote. Kanuni hii haifai pale njia zote zilipofungwa. Nauli ambayo haikulipwa nayo isijumlishwe juu ya hasara ya abiria: mwenye basi kaikosa, lakini imebaki mfukoni mwa abiria.

Watakaowasilisha makadirio mwaka ujao watoe kiwango cha chini na cha juu, wakitaja thamani ya muda waliyotumia. Tarakimu moja pekee itarudishwa.

Mwenyekiti