Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: wabanika samaki wetu wanakosa pumzi usiku

Shikamoo daktari.

Mama yangu amebanika sangara na mapanki kule Igombe zaidi ya miaka 30, ameinamia moshi wa kuni tangu mimi nabebwa mgongoni, sasa mapafu yamechoka. TB wamepima hana, wakasema ni ugonjwa sugu wa mapafu, dawa anatumia na ile pampu ya kuvuta anaijua vizuri tu. Mimi naandika kuhusu usiku.

Usiku pumzi ikianza kukata anaogopa, akiogopa anahema harakaharaka, na kwa mapafu kama yake ukihema haraka hewa ya mwanzo haipati muda wa kutoka yote, inabaki imejaa mule ndani na mpya inakosa pa kuingia, basi hofu inapanda tena, anashikilia nondo za dirisha anasema nakufa. Kituo tunachokimbiliaga wanamwambia mama usiogope. Mtu amekosa hewa unamwambiaje asiogope?

Ila siku moja tukakuta nesi wa zamu, dada mpole sana, akakaa karibu nae, akamwambia kwa sauti ya chini afumbe macho, aone ziwa asubuhi pale mwaloni, maji yanapanda mchangani taratibu halafu yanarudi taratibu zaidi, atoe pumzi na yale yanayorudi. Dawa alikuwa ameshapewa, sikatai, lakini mabega yalishuka kwenye yale maneno, niliona kwa macho yangu.

Baadae ndo nikasoma kwamba kuna tiba karibu na ile, ya kumtuliza mtu kwa maneno na picha za akilini, inaitwa hipnosisi. Ufaransa wameijaribu kwa wagonjwa wa mapafu kama mama, kikao kimoja cha dakika 15 tu, wasiwasi ukapungua na kasi ya kuhema ikapungua, matokeo yakachapishwa 2020. Mapafu haiyaponyi, na pampu lazima iendelee.

Najua wengi watadhani ni mazingaombwe. Mgonjwa halazwi usingizi daktari, yuko macho, anasikia, akitaka kuacha anaacha. Ndo maana naomba itoke kwenu, ifanywe na mtu wa sare kliniki, isije ikadakwa na mtu wa mtaani akamwambia mama yangu atupe dawa.

Naomba manesi wawili watatu wa kliniki za kifua wapewe mafunzo na mtaalamu wa saikolojia aliyesomea kitu hiki, tena wafanye na kwa Kisukuma maana mama hofu ikimshika Kiswahili kinampotea kabisa. Na wamrekodie kwenye simu, niwe naibonyeza saa 9 usiku. Saa hizi namuigiza yule nesi mwenyewe, maneno nayasahau, sauti inatetemeka, na mama anasikia kabisa kwamba na mimi naogopa.