Barua ya wazi kwa Gavana wa Haut-Katanga: kabla ya kutia sahihi, uliza ramani ilichorwa na nani

Mheshimiwa Gavana,

Sheria ya misitu ya Kongo ya 2002 na dekreti (amri ya serikali) namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 zimekupa kalamu. Jamii ikiomba msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha miaka, wewe ndiye unayetia sahihi. Tunakuandikia kuhusu kazi inayotangulia sahihi hiyo. Humo ndimo wanawake hupotea, na kosa la humo huwa gumu kufutwa baadaye.

Linaanza na ramani. Siku ya kupima, wanaume hushika GPS na kufuata mipaka, njia za kuwinda na mahali pa tanuru za makala (makaa ya miti). Akina mama wanaookota uyoga na vinkubala (viwavi wanaoliwa) hawaitwi, au huitwa kupikia wapimaji. Basi eneo la kukata miti ya makala linaangukia kwenye miti ya mutondo. Vinkubala hula majani ya mutondo, na uyoga mwingi wa miombo, misitu yetu ya huku, huishi kwa kushikana na mizizi ya miti iliyo hai. Mti ukiingia tanuruni, mama amepoteza mavuno mawili yaliyokuwa yakimrudia kila mvua zinaponyesha, kwa gunia la makala linalouzwa Lubumbashi mara moja tu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Wanawake watembee peke yao na mpimaji, waonyeshe chemchemi, miti ya dawa, mahali pa uyoga na pa vinkubala. Ramani zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, zilazwe pamoja mbele ya kijiji kabla mpimaji hajarudi mjini. Akisharudi, hakuna atakayelipia safari ya pili.

Halafu kuna orodha ya wanajamii. Ikiandikwa kwa wakuu wa nyumba, mjane na mke aliyeolewa kutoka kijiji kingine hawamo. Wengine hutujibu kwamba kwa Walamba, kabila la huku, ukoo hufuata mama, kwa hiyo hakuna tatizo. Lipo: ukoo ni wa mama, lakini anayesema juu ya ardhi ni mjomba. Orodha iandikwe mtu kwa mtu, kila mwenye umri wa utu uzima kwa jina lake.

Agizo la waziri namba 025 la tarehe 9 Februari 2016 linataka vyombo vinne: mkutano wa jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi na baraza la wazee. PV (kumbukumbu rasmi za mkutano) nyingi huhesabu wanawake waliohudhuria na kuishia hapo. Kuhudhuria hakutoshi. Mkutano wa saa tatu asubuhi huwakuta shambani au mtoni. Saa ichaguliwe na wao. PV ya Kifaransa isomwe kwa sauti kwa lugha ya kijiji kabla ya mtu kuweka kidole. Katika kamati ya watu tisa, wanne wawe wanawake, kwa sababu mmoja peke yake hunyamazishwa kwa kikohozi cha mzee. Na neno “wazee” katika baraza lisichukuliwe kuwa ni wanaume tu.

Kwenye pesa, udanganyifu tunaoukuta zaidi ni huu: mwanamke ameandikwa mweka hazina, lakini daftari na sanduku viko nyumbani kwa rais wa kamati. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, wawili kati yao wanawake, kama vikundi vya akiba vinavyofanya tayari.

Kifungu cha 14 cha Katiba na sheria namba 15/013 ya tarehe 1 Agosti 2015 vinakupa haki ya kudai haya yote. Huhitaji kusubiri agizo jipya kutoka Kinshasa.

Tunakuomba, faili lisilo na ramani ya wanawake na orodha ya mtu kwa mtu lirudishwe kijijini pamoja na barua inayoeleza kinachokosekana, hata kama mihuri mingine yote imekamilika.

Wafuatiliaji wa misitu ya jamii,
Lubumbashi