Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Cheti Kiende kwa Mtunzi

Ndugu wanachama,

Kazi iliyotumeza mwaka huu ni kuhakiki majina ya watunzi wa Marekani tunaowaenzi, kabla vyeti havijachapwa. Mambo ya fedha atayasoma mhazini. Mimi nataka tuzungumzie majina.

Kosa linalojirudia ni kumpa mwimbaji sifa ya mtunzi. I Will Always Love You ni utunzi wa Dolly Parton, aliyeutoa 1974. Whitney Houston aliuimba 1992. The Gambler tumeizoea kwa sauti ya Kenny Rogers, lakini aliyeitunga ni Don Schlitz. Kosa hili hugunduliwa upesi: tazama lebo ya santuri, jina la mtunzi huwa kwenye mabano chini ya jina la wimbo.

Tabu huanza pale lebo yenyewe isiposema yote. Otis Blackwell alitunga Don't Be Cruel, ila tangu 1956 wimbo huo umebeba majina mawili, lake na la Elvis Presley aliyeuimba. Chanzo ni mrabaha. Wimbo ukipigwa kwenye redio za AM na FM Marekani, hulipwa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji hapati kitu. Kwa hiyo nyota mwenye soko aliweza kudai sehemu ya utunzi kabla hajakubali kurekodi. Blackwell huyohuyo alipotunga Fever na Eddie Cooley alikuwa bado amefungwa na mkataba wa mchapishaji mwingine, akatumia jina la John Davenport. Anayetafuta kazi zake kwa jina moja tu ataukosa wimbo huo, nao ni miongoni mwa nyimbo zake kubwa kabisa. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayowaenzi watu wa muziki wa roki, ilimwingiza 2010, miaka minane baada ya kufariki. Inaniuma kwamba hakuishi kuiona siku hiyo.

Basi anayependekeza jina aanze kwenye kumbukumbu za ASCAP na BMI, mashirika ya Marekani yanayowakusanyia watunzi mrabaha. Kumbukumbu hizo ziko wazi mtandaoni. Asitafute kwa jina la wimbo peke yake: Marekani jina la wimbo halina hakimiliki, na nyimbo nyingi hugongana majina. Aambatanishe jina la mtunzi au la mwimbaji, kisha aandike watunzi wote wanaotokea, wa maneno na wa muziki.

Tunafuata kipimo cha Songwriters Hall of Fame, taasisi ya Marekani inayowaenzi watunzi: mtunzi hustahili baada ya miaka 20 tangu wimbo wa kwanza wa mtunzi uingie sokoni. Haihesabiwi tangu siku ulipoandikwa. The Gambler iliandikwa 1976, ikaanza kuuzwa 1978. Kwa wimbo kama huo, anayehesabu kuanzia 1976 huwahi kwa miaka miwili.

Fomu mpya ya mapendekezo ina nafasi ya majina mengine ya mtunzi. Kama hana, andika "hana". Itakayoachwa wazi tutairudisha kwa aliyeileta.