Barua kwa Wenye Vibarua

Wanangu wa Mombasa mliofungua magodauni Shimanzi, mikahawa Nyali, ofisi za forodha mjini na maduka ya vipuri Mwembe Tayari, hamjambo.

Nilikuwa karani wa wafanyakazi kwa miaka thelathini na mitatu. Nimelipa watu kwa bahasha kabla ya M-Pesa kuzaliwa. Sasa nimestaafu, shughuli yangu ni kahawa chungu na bao, na sikuwa na nia ya kuandika chochote. Yaliyonitia kalamu mkononi ni ya Ijumaa iliyopita.

Baada ya swala alinijia kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu wa zamani. Ana godauni la mchele na sukari alilorithi kwa babake. Simu mkononi, jasho usoni. Wakili amemwandikia barua ya madai. Kumbe wiki tatu nyuma, saa nne ya usiku, aliwatumia mahamali wake kumi na mmoja ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Biashara mbaya. Kesho msije mpaka niwaambie." Kisha akajitoa kwenye kundi.

Nikamuuliza, watu hawa wamekubebea magunia muda gani?

"Mzee, hao ni vibarua tu."

Sikukuuliza ni kina nani, mwanangu. Nimekuuliza muda gani. Akajikuna kichwa. Wengi miaka sita. Mmoja alimkuta kwa babake.

Hilo neno "tu" ndilo lililoniudhi. Mwajua kibarua ni nini? Ni barua ndogo. Ni kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa ili siku zake zihesabiwe, asipunjwe jioni. Jina la karatasi likamgandama mtu, na leo karatasi yenyewe haipo, limebaki jina. Babu zenu walikuwa na kibarua kilichoandikwa. Nyinyi mna vibarua wasioandikwa popote, ila kwenye kundi la simu ambalo bosi anaweza kujitoa kabla ya kulala.

Nikamtaka aniletee mmoja wa hao mahamali. Alikuja mtu mzima, kanzu imefuliwa ikapauka, ameshika mfuko wa nailoni. Ndani yake mna daftari la mtoto wa shule, jalada limeshikwa kwa selotepu. Kila ukurasa una tarehe, idadi ya magunia, pesa aliyopewa. Wino bluu, wino mweusi, mara penseli. Siku asiyofika ameandika sababu: "homa", "maziko", mara moja "feri imeharibika". Miaka sita. Bosi hana hata karatasi moja ya kuweka kando ya daftari lile.

Sasa nisikizeni. Sheria ya Ajira ya Kenya ni ya mwaka 2007, si ya jana. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akifanya kazi isiyotazamiwa kwisha chini ya miezi mitatu, huyo si kibarua tena. Sheria humhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Na kila baada ya siku sita ana siku ya kupumzika yenye malipo. Siku hiyo pamoja na sikukuu zahesabiwa ndani ya mfululizo, kwa hivyo msinambie "Jumapili hakuja, hesabu imekatika." Kazi ya miezi mitatu na zaidi yataka mkataba ulioandikwa. Na kesi ikifika mahakamani bila mwajiri kuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti wamwangukia yeye. Daftari la mfuko wa nailoni laweza kumwangusha mwenye godauni.

Nami si malaika. Hoteli moja ya ufuoni niliyoifanyia kazi ilikuwa na mtindo wa kuwapumzisha watu siku mbili kila baada ya miezi mitatu, kisha warudi kwa fomu mpya. Jina lile lile, jiko lile lile, sufuria ile ile. Fomu hizo nilizijaza mimi, kwa mwandiko wangu mzuri niliosifiwa. Nilijua. Mpishi mmoja aliniuliza, "Karani, mimi nimeanza kazi mara ngapi?" Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Mji huu ulishaambiwa habari hizi. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waliweka zana chini, bandari, reli, mahoteli, mpaka majumbani, karibu wiki mbili. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Chege Kibachia, na serikali ya mkoloni ilimkamata mwaka huo huo. Miongoni mwa waliogoma walikuwamo watu wa kutwa wa bandarini, wasiojua asubuhi kama jioni watakula. Leo piteni Changamwe alfajiri muone malango ya viwanda. Watu wamesimama vile vile, na mahali pengine nyapara anakula mia yake kwa kila kichwa kabla lango halijafunguka. Tumejipatia uhuru, bendera na kaunti, lakini lango halijabadilika.

Najua mtasema nyakati ni ngumu. Ni ngumu, sibishi. Reli mpya ilipokuja mwaka 2017 na makontena yakaamriwa kupandishwa treni kwenda bara, niliona yadi za malori zikiota majani. Mwaka 2020 korona ilifunga hoteli. Mwisho wa 2023 meli zikaanza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini, mizigo ikachelewa. Lakini asiyejua mwezi ujao utakuwaje ndiye hasa anayehitaji karatasi. Msimu wa watalii ni miezi minne? Andika mkataba wa miezi minne, na sababu yake. Kazi ni ya kushusha meli moja? Andika kazi ya kipande, na bei ya gunia. Kuna kipindi cha majaribio kazini pia, hadi miezi sita, na kuyaongeza ni mpaka mfanyakazi akubali. Sheria haikukataza kuajiri kwa muda. Kinachowaponza ni kuajiri kwa muda usiosemwa.

Na ikibidi kupunguza watu, mlango upo. Mwezi mmoja kabla, mjulishe mfanyakazi, au chama chake kama anacho, pamoja na afisa wa leba, yule wa serikali. Chagua wa kuondoka kwa kuangalia ukongwe kazini, ujuzi na uaminifu, si kwa nani alikukera. Lipa notisi, lipa likizo iliyobaki, lipa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Nilimpigia kijana hesabu kwa kalamu. Shilingi 900 kwa siku, mara 15, mara sita. Ni 81,000 kwa mtu mmoja, kabla ya notisi na likizo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ningelijua, ningewalipa kidogo kidogo." Ndiyo, ungelijua. Na yule unayemfukuza kwa kosa, msikize kwanza, mbele ya mwenzake anayemtaka. Hata mwizi wa kuku huulizwa.

Makato ya mshahara nayataja tu, maana hapa nawaonea huruma. Ushuru wa nyumba ulianza kukatwa Julai 2023, Januari 2024 mahakama ikausimamisha, Machi ukarudi kwa sheria mpya, asilimia moja na nusu kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwenu. Bima ya afya ya NHIF ikaondoka, ya SHIF ikaingia Oktoba 2024, asilimia 2.75. NSSF, akiba ya uzeeni, iliyokuwa shilingi 200 kwa 200 mpaka tukaisahau, sasa ni asilimia sita kila upande na viwango vyake vimekuwa vikipanda kila Februari tangu 2023. Kodi ya mshahara iwe imefika isipite tarehe 9. Wakubwa hubadilisha kwa gazeti la serikali, faini inakujia wewe. Mlipeni mhasibu hata wa siku moja kwa mwezi. Ila pesa uliyomkata mtu usiipeleke kununulia dizeli ya jenereta. Hiyo si yako.

Jambo la kuajiri sasa. Mwamtaka kijana alete cheti cha tabia njema cha polisi, cha kodi cha KRA, cha mkopo wa masomo cha HELB, cha madeni cha CRB, hata kabla hamjamtazama usoni. Tangu 2022 sheria yasema vyeti hivyo huombwa pale tu mnapokusudia kumpa mkataba. Binti wa Likoni amekopa nauli na pesa za vyeti, mkampa jibu la "tutakupigia". Na kuna ubaya mwingine tunaoujua sote na hatuusemi. Kijana akisema anatoka Kisauni, mtaa uliopakwa jina baya, karatasi yake husogezwa upande wa pili wa meza. Si sheria tu inayokataza ubaguzi. Hao ni watoto wetu. Mkiwafungia lango, mwataka waende wapi?

Kijana wa godauni alirudi Jumatatu, safari hii na kifurushi cha risiti za babake. Hamali naye alikuja na mfuko wake. Tumekaa barazani wote watatu, mmoja anasoma daftari, mwingine anatafuta risiti, mimi naandika. Mpaka magharibi tulikuwa tumefika Ramadhani ya mwaka wa pili, na kijana amekubali kumwambia wakili kwamba wanazungumza. Kesho alasiri tunaendelea. Mwenye daftari lake na aje nalo.