Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Plau Ndogo

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita tulikubaliana tupumzike kuchonga magari madogo ya mbao, tuchonge plau ndogo. Waliopinga walisema hakuna mtoto atakayechezea jembe la ng'ombe. Kweli, hatujauza hata moja. Ila sikujutia.

Mwalimu wetu, kwa kazi aliyoiacha zamani, alikuwa Profesa Ludwig Rau wa chuo cha kilimo cha Hohenheim, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Chuo hicho kilifunguliwa 1818, baada ya volkano ya Tambora kule Indonesia kulipuka 1815 na mwaka uliofuata Ulaya kukosa kiangazi, mazao yakaoza, watu wakafa njaa. Mkuu wake wa kwanza, Schwerz, alileta plau ya Flanders, na karakana ya zana ikaanzishwa hapohapo. Lakini aliye mbali ataijuaje? Mchoro hauonyeshi ule ubao unaopindua udongo umejipinda vipi, na plau nzima ni mzigo. Dawa ikawa vielelezo vidogo ambavyo mtu anaviweka mezani na kuvigeuzageuza. Rau alipanga vyake kwenye Maonyesho ya Paris ya 1867. Mwaka uliofuata Andrew White, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akanunua seti ya plau 187, chuo chenyewe hakijapokea mwanafunzi. Nadhani mwanzilishi, Ezra Cornell, hakushangaa: naye aliwahi kuzunguka akiuza plau.

Sisi tumemaliza tisa. Ya kwanza ilipendeza kweli, mninga umesuguliwa hadi unang'aa. Tukaikokota kwa uzi kwenye sinia la mchanga mbichi. Badala ya kuupindua, ikausukuma mbele kama kijiko cha kuzolea takataka. Fundi alikisia mpindo kwa kutazama picha. Ya nne ndiyo iliyofanya kazi: mchanga ulipanda ubao, ukajikunja, ukalala ubavu, na mfereji ukabaki safi nyuma yake. Wazee wawili walipiga makofi.

Makosa yapo, na moja ni langu. Sikutangaza kipimo kimoja, kila fundi akatumia chake. Sasa plau ya punda imeizidi ya ng'ombe wanne. Nyingine tatu zimepasuka kwa sababu muuza mbao mmoja alituuzia mbao mbichi kwa bei ya kavu. Hesabu mhazini atazisoma mwenyewe.

Kuanzia sasa kila kielelezo kitabandikwa kikaratasi: kipimo, kilikotoka, udongo wa huko. Bila hivyo ni pambo la kabatini tu.

Na wale ambao plau ya babu bado imelala nyuma ya banda, msiipige picha tu. Njooni na vipimo: urefu wa boriti, upana wa chuma kinachokata, na kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa kufuata mpindo wa ubao. Kutu msiikwangue, tutaifuata hivyohivyo.

Mwenyekiti wenu