Kwa nini kumwaga oili ya Ford Ranger kwetu si bei ya fundi wa chini ya mwembe

Lalamiko hili tunalipokea hapa gereji mara kwa mara, na safari hii limekuja kwa ukali. Mteja mwenye Ranger ya lita 3.2 ametuandikia kwamba tumemwibia. Alimwaga oili kwetu, akalipa, halafu jirani yake mwenye Toyota ndogo akamwambia yeye hulipa chini ya nusu ya pesa ile kwa fundi wa chini ya mwembe, tena anasubiri hapo hapo akinywa chai. "Oili ni oili," ndivyo alivyomalizia. Tumeongea naye kwa simu, lakini tumeona jibu likae hapa wote walisome. Wapo wengi wenye mawazo hayo na hawasemi. Wanahama kimya kimya, na baadhi yao tunakuja kuwaona tena siku gari linapoletwa likiwa linavutwa.

Tuanze na hesabu nyepesi. Toyota ndogo ya mjini inatosheka na lita 4 za oili. Ranger ya 3.2 ina silinda tano na inakunywa karibu lita 10. Hata ile ya 2.2 yenye silinda nne inapita lita 8. Na oili yenyewe si ya kupima kwa jagi kutoka kwenye pipa. Ni 5W-30, oili nyepesi, yenye namba ya Ford mgongoni mwa kopo, WSS-M2C913. Ukiweka 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa sababu "nchi yetu ina joto", umeiwekea injini uzito ambao njia zake nyembamba hazikutengenezewa. Zaidi ya nusu ya bei unayotulipa inaishia dukani kwa muuza oili. Hapo filta bado, na kazi bado.

Sasa kazi yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoona wameonewa. Wanasema: kufungua nati moja, kumwaga, kubadilisha filta, kujaza, hiyo nayo ni kazi ya kutoza pesa? Kwa gari lingine, tunakubali, si kazi kubwa. Kwa Ranger ya 2.2 na 3.2, zile zilizoanza kutoka 2011, pamoja na Mazda BT-50 ya miaka hiyo yenye injini hizo hizo, ni kazi inayoweza kuua injini nzima asubuhi moja bila mtu kuvunja kitu chochote.

Sababu ni pampu ya oili. Pampu ya injini hizi imetengenezwa iweze kubadilisha kiasi inachosukuma kulingana na mahitaji ya injini, ili isile nguvu bure na dizeli ipungue. Ni kazi nzuri ya kihandisi. Lakini ina tabia moja: lazima ibaki na oili ndani yake ndipo iweze kuvuta nyingine. Ukifungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukaiacha wazi muda mrefu, ile oili iliyobaki ndani ya pampu inashuka taratibu, pampu inabaki na hewa. Unafunga nati, unajaza oili mpya lita 10, kijiti cha kupimia oili kinaonyesha kiwango safi kabisa, unawasha. Pampu inazunguka lakini haivuti kitu. Injini inanguruma vizuri kwa sekunde chache, na kila sekunde chuma kinasugua chuma. Ford wenyewe wameweka kikomo: dakika 10 nati ikiwa wazi, zisizidi.

Dakika 10. Fundi wa chini ya mwembe ana magari matatu yamepanga foleni. Anafungua nati ya Ranger, anaenda kukaza breki za daladala, anatumwa filta kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani, anarudi saa nzima imepita. Si mtu mbaya wala mvivu. Kwa magari mengine aliyozoea, kuacha oili itone ndiyo kazi safi.

Na hapa lazima tumtaje mzee mmoja wa Kibaha, mwalimu mstaafu, kwa sababu mkasa wake unaeleza jambo hili kuliko maelezo yetu yote. Mzee huyu ni mtu wa Ford tangu ujana. Alikuwa na Cortina miaka ya sabini, na ukimkuta anaweza kukuhesabia mbio za Safari Rally moja baada ya nyingine: Cortina GT ya Peter Hughes mwaka 1964, Taunus 20M ya Robin Hillyar mwaka 1969, Escort ya Hannu Mikkola mwaka 1972, Escort tena kwa Björn Waldegård mwaka 1977. Huyo Mikkola, atakuambia, ndiye dereva wa kwanza kutoka Ulaya kuja kuwashinda madereva wa huku kwenye matope yao wenyewe. Anayesema Ford haziwezi barabara zetu ajiandae kukaa na mzee huyu mchana mzima. Na historia iko upande wake: mwaka 2002 Colin McRae alishinda tena Safari kwa Ford Focus.

Cortina yake aliimwaga oili kwa mkono wake mwenyewe. Jioni anafungua nati, anaweka karai, anaenda kulala. Asubuhi anafunga, anajaza. Oili yote chafu imetoka hadi tone la mwisho. Gari lilidumu naye miaka mingi, na kwa injini ile utaratibu huo ulikuwa sahihi kabisa. Pampu ya Cortina ni ya kawaida na haikuwa na kinyongo na kulala tupu.

Mwanawe akanunua Ranger ya 3.2 iliyotoka Afrika Kusini, ambako zilikuwa zikiundwa Silverton, Pretoria, na injini zake zikitengenezwa kiwanda cha Struandale kule Gqeberha. Gari zuri, halijachoka. Siku ya kumwaga oili, mzee akasema hakuna haja ya kupoteza pesa gereji. Wakaweka karai jioni. Asubuhi wakajaza oili nzuri, ya bei, namba sahihi kabisa. Wakawasha. Taa nyekundu ya oili ikabaki inawaka. Kijana akafikiri ni sensa, akakanyaga mafuta ili oili ipande haraka.

Lilipotufikia tulishusha sampu mbele yao. Beringi za konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zilikuwa zimekwanguka hadi rangi ya shaba inaonekana, na kwenye krenki, shafti kuu ya injini, kulikuwa na mistari ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, nayo ilikuwa imelegea, ukiishika shafti inacheza. Oili iliyokuwa kwenye sampu bado ilikuwa na rangi ya asali, mpya kabisa, imejaa vumbi la chuma linalometa. Mzee aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Hakuwa amekosea kwa uzembe. Alifanya kwa uangalifu kile alichojua. Gharama ya injini ile ingewamwagia oili kwetu kwa miaka mingi sana.

Tunapenda kuwaambia wateja wa aina hii kwamba Ford imebadilika tangu mwanzo wake. Model T, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1908 na kutengenezwa zaidi ya milioni 15 hadi 1927, haikuwa na pampu ya oili kabisa. Gurudumu zito la nyuma ya injini lilizunguka ndani ya oili na kuirusha juu, nyingine ikapita kwenye mrija mwembamba kwenda mbele ya injini. Hata kijiti cha kupimia hakikuwapo. Ulilala chini ya gari, ukafungua vikoki viwili vidogo: cha juu kikitoa oili, imejaa, cha chini kikikauka, usithubutu kuwasha. Henry Ford alitaka gari ambalo mkulima wa Marekani angelitengeneza mwenyewe kwa spana chache, na kuanzia 1913, pale kiwanda cha Highland Park, magari hayo yalikuwa yakiungwa kwenye mstari unaotembea, kipande cha gari moja kikiingia kwenye lingine bila kuchongwa. Sifa ile ya "Ford hata mimi naitengeneza" ilizaliwa huko, na ilikuwa ya kweli. Ranger ya 2011 haimo kwenye sifa hiyo.

Kwa hiyo hivi ndivyo tunavyofanya, na ndicho unacholipia. Injini inakuja ya moto kiasi ili oili iwe nyepesi. Makopo yote ya oili yamefunguliwa na kupangwa kabla hatujagusa nati. Filta tunabadilisha kwanza, nati baadaye. Fundi mmoja anakaa na gari hilo tu. Haitwi, hatumwi, hapokei simu. Saa iko pembeni. Nati inarudi kabla ya dakika 10 hata kama tone bado linadondoka. Oili chafu inayobaki ndani ni kidogo mno, haidhuru chochote. Tukishajaza, tunawasha huku macho yako kwenye taa ya oili, na mguu haugusi mafuta hadi taa imezima. Wakati fundi yuko kwenye gari lako, nafasi ile ingeingiza magari mengine mawili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya bei yetu na ya jirani, hatuna sababu ya kuificha.

Wapo wanaotuomba kinyume. Mkandarasi mmoja alitaka tuliache gari lake usiku kucha nati ikiwa wazi, "uchafu uishe". Tulikataa. Akakasirika, akasema mteja ndiye mwenye gari. Gari ni lake, kweli, lakini akiondoka nalo limekufa jina litakalotajwa mtaani ni letu.

Njia nyingine ya mkato ni ya maji, nayo tuiguse kwa ufupi kwa sababu inatuletea kazi ambazo tungependa zisije. Ranger inapunguza maji kwenye tanki la rejeta, chini hakuna tone, na mwenye gari anaongeza maji ya bomba kila asubuhi. Mara nyingi maji hayo yanapotelea ndani, kwenye kile kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini, ambacho mafundi tunakiita "EGR kula" (EGR cooler). Kikipasuka kwa ndani, maji yanaingia kwenye njia ya moshi na kutoka kama mvuke mweupe asubuhi. Kubadilisha kipoozeo hicho kunauma, hatukatai. Lakini anayeendelea kuongeza maji ya bomba analeta kutu ndani, na siku moja akiwa njiani maji yanaisha kabla hajajua, hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inapinda, gasketi inaondoka. Weka kulanti, ile dawa ya rejeta, si maji, na ikipungua mara ya pili njoo tupime presha. Kupima hakuchukui muda.

Wenye Ranger mpya za lita 2.0 wasidhani haya hayawahusu. Ndani ya nyingi ya injini zile kuna mkanda unaofanya kazi ukiwa umelowa oili. Oili isiyo na namba yake inaula mkanda huo taratibu, na vipande vyake vinaziba chujio la pampu. Kwenu nyinyi, kosa la oili ya pipa ni baya zaidi kuliko kwa wa 3.2.

Na kama unasoma haya huku Ranger yako iko juu ya mawe nyumbani, nati iko wazi tangu jana: usiwashe. Jaza oili ukipenda, lakini funguo zikae mfukoni. Hapo hakuna kilichoharibika bado. Pampu inaweza kujazwa oili tena kabla ya injini kuwaka, wakati mwingine kwa kushusha sampu, kisha tunafunga geji ya kupimia na kuona presha ya oili ikipanda. Ni kazi ya siku moja, na ni nafuu mno ukilinganisha na krenki. Aliyekwisha kuwasha na kuona taa nyekundu, azime hapo hapo, asijaribu mara ya pili "kuhakikisha".

Ranger na BT-50 za kumwaga oili tunazipokea asubuhi, moja baada ya nyingine, kwa miadi. Ukitaka kuja na oili yako unaruhusiwa, mradi kopo halijafunguliwa na namba iko. Tutavunja sili mbele yako.