Anayeumizwa na jarida la chuo atalalamika wapi?

Mhariri,

Nilisoma katika ukurasa huu barua ya mwanafunzi wa uzamifu aliyewashutumu wahariri wa majarida ya vyuo vikuu kwamba wanakalia makala ya vijana na kuchapisha ya marafiki zao. Simjui, ila uchungu wake naujua. Chuo kinamtaka achapishe ndipo ahitimu, karo inazidi kuhesabiwa, na makala yake yamelala mahali. Pengine yamelala kwangu. Ninahariri jarida dogo la Kiswahili katika chuo kimoja cha huku magharibi mwa Kenya, kazi isiyo na mshahara wala ofisi, ambayo huifanya usiku nikishamaliza kusahihisha mitihani. Naomba nafasi nieleze kinachotukalisha na makala hayo. Uvivu umo, sikatai, lakini si uvivu tu.

Mengine ni ya kila siku, niyapite upesi. Makala huja na majina manne, na kwa mtindo wa uandishi unaona wazi kwamba aliyeshika kalamu ni mmoja. Wahariri wa majarida ya tiba, kundi lililoanza kukutana Vancouver mwaka 1978, wameshaweka kanuni: asiyechangia utafiti wenyewe, asiyeandika wala kuyarekebisha makala, asiyeyaidhinisha au asiyekubali kuwajibika si mwandishi. Kanuni nzuri. Lakini wa kuniambia kwamba jina la msimamizi limepachikwa tu ni mwanafunzi yule yule anayesubiri saini ya msimamizi huyo. Nikimuuliza, nimemchongea. Nisipomuuliza, nimechapisha uongo. Makala mengine huwa yametafsiriwa kutoka tasnifu ya Kiingereza ya mtu mwingine, na programu ya kukagua wizi wa maandishi huyapa asilimia ndogo ya kupendeza, kwa kuwa inatafuta maneno yanayofanana na hapa lugha imebadilishwa. Hayo huyanusa mwenyewe. Sentensi huwa imevaa Kiswahili, ila mwendo wake si wetu.

Kisha kuna wahakiki, wataalamu wanaoyapima makala kabla hayajachapishwa. Tunaficha jina la mwandishi na jina la mhakiki, na wote wawili hutambuana kabla ya ukurasa wa pili, maana wataalamu wa ushairi wa Kiswahili ni wachache na karibu wote walifundishana. Nimewahi kupokea ripoti iliyokataa makala kwa sababu moja tu, kwamba mwandishi anasifu mashairi yasiyo na vina. Ugomvi wa wanamapokeo, wanaodai shairi liwe na vina na mizani, na wanamabadiliko, wasioona ulazima huo, ambao ulikuwa moto miaka ya 1970, ukamwangukia msichana aliyezaliwa watu wakiwa wameshauchoka. Nilitafuta mhakiki mwingine, miezi ikapita, na bila shaka yeye naye alinihesabu miongoni mwa wanaokalia makala.

Lakini lililonifanya niandike barua hii ni makala ya namna nyingine. Yaliletwa na mhadhiri mwenzetu aliyechunguza sitiari katika mazungumzo ya wavuvi na wachuuzi wa samaki kwenye ufuo mmoja wa Ziwa Victoria. Kazi safi. Alikaa ufuoni, akasikiliza, akanukuu namna wanawake wanavyozungumzia mbuta, omena, mashua na deni, na namna maneno hayo hayo yanavyobeba habari za jaboya, ile biashara ambayo mwanamke hapewi samaki na mvuvi mpaka ampe mwili wake. Wahakiki wote wawili walisema yachapishwe. Leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ilikuwepo, barua ya kamati ya maadili ilikuwepo, na fomu za ridhaa zilikuwepo, nyingine zimetiwa kidole gumba.

Majina ya wanawake yalikuwa yameondolewa, kila mmoja akapewa herufi. Ila jina la ufuo lilikuwepo, na chini ya kila nukuu yalikuwepo maelezo ya msemaji: mjane, umri wake, idadi ya watoto, anakaanga mandazi kando ya duka la nyavu. (Hapa nimeyabadilisha.) Nilimsomea wifi yangu, anayeuza omena soko la Jubilee hapa Kisumu, mfano kama huo niliokuwa nimeutunga, bila kumwambia umetoka wapi. Alicheka. "Wifi, hapo si umeshamtaja?"

Nikamwandikia mwandishi aondoe jina la ufuo, aseme tu "ufuo mmoja wa Nyanza", na apunguze yale maelezo. Alikataa, na hoja zake hazikuwa za mtoto. Kiswahili cha pwani ya ziwa, alisema, hubadilika ukitoka Siaya ukaingia Homa Bay, kwa kuwa kimechanganyika na Dholuo na Kisuba kwa viwango tofauti. Asipotaja mahali, data yake haiwezi kukaguliwa na mtu mwingine, na mtafiti asiyekaguliwa anaweza kutunga chochote. Kisha akaniuliza swali ambalo sijalimaliza mpaka leo: wanawake hawa ni watu wazima, wamekubali, na mmoja wao alisema waziwazi kwamba anataka watu wa Nairobi wajue jinsi wanavyoishi. Wewe ni nani wa kumfunika mdomo?

Nilikaa na swali hilo. Ni kweli kwamba wasomi tuna tabia ya kuwahurumia maskini kwa kuwanyamazisha. Lakini niliomba fomu za ridhaa nizione, nikakuta zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba wahojiwa walisomewa kwa Dholuo na msaidizi wa mtafiti. Zilisema utafiti unahusu "matumizi ya lugha katika biashara ya samaki". Mwanamke aliyetia kidole hapo alikubali kuulizwa kuhusu lugha. Sidhani alijua kwamba miaka miwili baadaye binti yake, akiwa kidato cha nne na simu mkononi, angeweza kuandika jina la ufuo wao kwenye mtandao na kumsoma mama yake.

Nikashikilia msimamo. Hapo zikaanza simu. Mkubwa mmoja chuoni, ambaye ndiye anayenipangia madarasa, aliniambia niwe na utu, kwamba mwenzetu ana mahojiano ya kupandishwa cheo na makala hayo ndiyo yaliyobaki kumtimizia alama. "Malizia tu, mwalimu." Simlaumu sana mwandishi kwa hilo. Ukiwa umekaa cheo kimoja huku watoto wanafika chuo kikuu, utapiga simu. Namlaumu aliyebuni utaratibu ambamo ninayemkatalia makala leo ananikagua kazi kesho.

Mwishowe aliyaondoa kwangu. Haukupita mwezi nikayaona yamechapishwa katika jarida linalojiita la kimataifa, lisilo na anwani ya ofisi wala mhariri anayejibu barua pepe. Jina la ufuo lipo, na watoto wa mjane wamehesabiwa vilevile. Ada ililipwa, makala yakatoka.

Majarida ya namna hiyo si siri. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science alituma kwa majarida 304 yanayotoza ada makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mwanafunzi wa kemia angeyaona. Yalikubaliwa na majarida 157. Waandishi aliowabuni aliwapa majina ya Kiafrika na taasisi za Kiafrika zisizokuwepo, mojawapo ikiwa Asmara. Nilipolisoma hilo sikujua nicheke au nikasirike. Na si wadogo tu wanaoteleza. Mwezi Mei 2020 jarida la tiba la Lancet, lenye wahariri wanaolipwa mshahara, lilichapisha utafiti kuhusu madhara ya dawa ya haidroksiklorokwini uliodai kutumia rekodi za wagonjwa 96,032 wa korona kutoka hospitali 671, zilizokusanywa na kampuni iitwayo Surgisphere. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Wanasayansi walipozitazama takwimu za Afrika waliona ajabu: kwa takwimu zile, karibu robo ya wagonjwa wote wa bara hili, na asilimia 40 ya waliokufa, wangekuwa wametibiwa katika hospitali zenye rekodi za kompyuta za kampuni hiyo moja. Yeyote aliyewahi kupanga foleni na kijitabu chake cha kliniki mkononi angeuliza ni hospitali zipi hizo. Kampuni ilikataa kuzitoa data zikaguliwe, na tarehe 4 Juni utafiti ukaondolewa.

Kule hakuna aliyeweza kuonyeshwa mgonjwa hata mmoja. Kwetu mjane anaonekana mpaka mandazi yake. Mwandishi wangu alikuwa mkweli kuliko wale wa Surgisphere, na ukweli wake ndio wenye madhara. Ndiyo maana ninachoka kidogo nikisikia maadili ya uhariri yakizungumzwa kama kukamata waongo tu. Waongo wana taratibu zao. Ile Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, imechora hata michoro ya hatua kwa hatua: ukishuku wizi wa maandishi fanya hivi, ukishuku data ya kubuni fanya vile. Inanisaidia, naifungua mara kwa mara. Lakini hakuna mchoro unaoweza kuniambia binti wa kidato cha nne atatafuta nini kwenye simu yake.

Sasa nimebaki na jambo lisilo na mlango. Nimwendee mama yule nimwambie kwamba ameandikwa? Nikienda, huenda nikamletea fedheha ambayo isingemfikia kamwe, maana majarida haya husomwa na wachache. Nisipoenda, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitamfaa kitu, kwa kuwa ni lazima mtu ajue kwanza kwamba habari zake zimetolewa ndipo alalamike. Wewe, Mhariri, gazeti lako likimkosea, anaweza kwenda kwenye Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Mimi jarida langu likimkosea, mlango wake ni upi? Ofisi ya mkuu wangu, yule aliyepiga simu?

Ninayoyaomba ni madogo kuliko barua hii. NACOSTI na kamati za maadili za vyuo hupitisha maswali atakayoulizwa mhojiwa. Wapitishe pia kitakachochapishwa kumhusu, hasa pale habari za mwili wake na riziki yake zinapokutana. Kamati za kupandisha vyeo ziulize makala yalipitia kwa nani, wasihesabu tu idadi. Mhariri wa jarida la chuo asipangiwe kazi na mtu ambaye yeye au wenzake huleta makala kwake. Hata kubadilishana wahariri kati ya vyuo, wa Kakamega ahariri la Njoro na wa Njoro la Kakamega, kungetosha kuanzia. Na ile fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha ya anayeitia kidole, iwe na nambari ya simu inayopokelewa na mtu asiye mtafiti, na nakala yake abaki nayo yeye. Fomu zote nilizoziona za utafiti ule zilikuwa katika faili la mhadhiri.

Mhadhiri wa Kiswahili,
Mamboleo, Kisumu